Maji ya Zamzam: namna ya kuyanywa, kuyabeba na kuyagawa

Mahujaji wengi wa kwetu, awe ametoka Tanga, Mombasa, Unguja au Bujumbura, hufika Makka na hesabu ya dumu la Zamzam kichwani. Nani atapewa, nani atanuna asipopewa, mzigo utapita uwanja wa ndege au utazuiwa. Hesabu hiyo ina nafasi yake, na nitaifikia. Lakini imewafanya wengi warudi nyumbani na lita tano kwenye boksi huku wao wenyewe walikunywa vikombe viwili vya haraka haraka, wamesimama njiani, wakisukumwa na watu.

Zamzam ni maji ya kunywa, yatokayo kwenye kisima kilichomo ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka. Haki yake ya kwanza ni kunywewa palepale, kwa kushiba, pamoja na dua uliyoiandaa. Kubeba na kugawa vinafuata baadaye, na mwongozo huu umefuata mpangilio huohuo. Kama huendi Makka bali umeletewa kikombe na jirani, hatua ya pili na mwisho wa hatua ya tatu zinakuhusu, na ya mwisho pia.

Hatua ya 1: Kijue kisa, maana utakipitia kwa miguu yako

Nabii Ibrahim (a.s.) alimleta Bi Hajar na mwanawe Ismail, akiwa bado ananyonya, kwenye bonde la Makka ambalo halikuwa na mtu wala maji. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amekipokea kisa hiki kwa urefu kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), sahaba wa Mtume. Aliwaachia mfuko wa tende na kiriba cha maji, akageuka kwenda zake. Bi Hajar akamfuata akimuuliza anawaachaje mahali kama pale, na hakujibiwa. Mwisho akauliza: "Mwenyezi Mungu ndiye aliyekuamuru haya?" Akajibiwa: "Ndiyo." Akasema: "Basi hatatupoteza," akarudi kwa mwanawe. Ibrahim alipofika mahali wasipoweza kumwona, akainua mikono na kuomba dua iliyomo katika Sura Ibrahim, aya ya 37: kwamba amewaweka baadhi ya kizazi chake katika bonde lisilo na mimea, penye Nyumba tukufu ya Mola wake, basi nyoyo za watu zijaaliwe kuwaelekea, nao waruzukiwe matunda.

Maji ya kiriba yakaisha. Mtoto akawa anagaagaa kwa kiu, na mama hakuweza kumtazama. Akapanda kilima cha Safa akaangaza macho, hakuona mtu. Akateremka, akakimbia bondeni, akapanda Marwa, napo hakuona mtu. Alifanya hivyo mara saba. Mara ya mwisho, akiwa Marwa, akasikia sauti. Aliporudi alimkuta malaika mahali pa Zamzam akiichimba ardhi kwa kisigino chake, au kwa bawa lake kama ilivyo katika mapokezi, hadi maji yakatoka. Akaanza kuyazingira kwa mikono yake na kuyachota kwenye kiriba, nayo yanazidi kufoka. Mtume (s.a.w.) alipokisimulia kisa hiki alisema: "Mwenyezi Mungu amrehemu mama yake Ismail, lau angeiacha Zamzam, ingekuwa chemchemi inayotiririka."

Kwa nini nimeanza na haya kwenye mwongozo wa vitendo? Kwa sababu mpangilio wa ibada yako ndio huu: unatufu, yaani unaizunguka Al-Kaaba, mara saba, unaswali rakaa mbili nyuma ya Maqamu Ibrahim, jiwe alilosimama Nabii Ibrahim, unakunywa Zamzam, halafu unakwenda kuanza sai kati ya Safa na Marwa. Wewe unakunywa kwanza, ndipo unakwenda Safa. Bi Hajar alikwenda Safa kwanza, na koo kavu, bila kujua kama maji yapo. Anayelijua hilo hanywi Zamzam kama anayeburudisha koo tu.

Baadaye kabila la Jurhum waliona ndege wakizunguka angani, wakajua pana maji, wakaja kuomba ruhusa ya Bi Hajar ili wakae naye. Akawaruhusu kwa sharti kwamba hawatakuwa na haki ya kumiliki maji yale. Miaka mingi baadaye kisima kilifukiwa na kusahaulika, mpaka Abdul Muttalib, babu yake Mtume, alipoonyeshwa ndotoni mahali kilipo akakichimbua. Kazi ya kuwanywesha mahujaji ikabaki katika ukoo wake, na wakati wa Mtume ilikuwa mikononi mwa ami yake Abbas.

Kisima chenyewe kipo mita kama 20 mashariki ya Al-Kaaba, na kina chake ni mita kama 30. Sehemu ya juu imepita kwenye mchanga na kokoto za bonde la Wadi Ibrahim, na sehemu ya chini imo ndani ya mwamba. Mvua inayonyesha kwenye bonde lile huzama ardhini na kukilisha, na Mamlaka ya Jiolojia ya Saudi Arabia ina kituo maalumu kinachofuatilia kimo na usafi wa maji yake. Usipoteze muda kukitafuta. Zamani watu waliteremka kwa ngazi hadi chini, lakini ngazi hizo zilifungwa mwaka 2003 ili kupanua uwanja wa tawafu, na sasa mdomo wa kisima umo chini ya sakafu unayoikanyaga. Mwenye shauku ya kuona ndoo na vifaa vya zamani vya kisima na apange nusu siku kwenda kwenye jumba la maonyesho ya Misikiti Miwili Mitukufu, eneo la Umm al-Joud. Wazee waliohiji zamani watakuwa na mengi ya kueleza mbele ya vifaa hivyo, kwa hiyo nenda nao.

Hatua ya 2: Andaa nia kabla hujaondoka nyumbani

Ibn Majah amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alisema: "Maji ya Zamzam ni kwa lile yaliyonywewa." Wanazuoni wa hadithi wametofautiana juu ya nguvu ya mlolongo wa wapokezi wake, lakini wakubwa wengi wameikubali na kuifanyia kazi, na habari zao ndizo zinazonifanya niipe hatua hii uzito.

Abdullah ibn al-Mubarak alikunywa akinuia kiu ya Siku ya Kiyama. Ibn Khuzayma, alipoulizwa elimu yake kaipata wapi, aliitaja hadithi hii na kusema kwamba alipokunywa Zamzam alimwomba Mwenyezi Mungu elimu yenye manufaa. Ibn Hajar al-Asqalani aliyanywa akiwa mwanafunzi mchanga wa hadithi, akaomba afikie daraja ya al-Dhahabi, mwanachuoni mkubwa wa hadithi, katika kuhifadhi. Aliporudi kuhiji baada ya miaka kama ishirini alijikuta anatamani daraja iliyo juu zaidi ya ile. Tazama walivyoomba: kila mmoja jambo moja, kubwa, lililo wazi. Hakuna aliyekunywa kwa mazoea.

Kwa hiyo kaa chini wiki moja kabla ya safari, chukua karatasi, uandike. Si orodha ya watu waliokuomba uwaombee. Hiyo weka mbali, utaisoma Arafa au katika tawafu. Hapa andika haja zako mwenyewe, chache, kwa Kiswahili chako unachokiota usiku. Deni. Mtoto asiyeswali. Ugonjwa usiopata jina. Moyo mgumu. Ukifika pale na uchovu wa tawafu, miguu inawaka na kiongozi wa msafara anaita, hutakumbuka kitu usichokiandaa.

Ipo pia dua fupi iliyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alikuwa akiisoma anapokunywa Zamzam. Ihifadhi:

*Allahumma inniy as-aluka 'ilman naafi'an, wa rizqan waasi'an, wa shifaa-an min kulli daa-in.*

Maana yake: Ewe Mola wangu, nakuomba elimu yenye manufaa, riziki pana, na ponyo la kila ugonjwa. Asiyejua Kiarabu aiombe kwa Kiswahili.

Hatua ya 3: Kunywa

Ukishamaliza rakaa mbili za tawafu, usisimame palepale nyuma ya Maqamu kutafuta maji. Utawakanyaga wanaoswali na wao watakukanyaga. Sogea pembeni kuelekea upande wa Safa. Utakuta safu za madumu makubwa yenye koki, pamoja na mabomba ya kunywea. Wapo pia wafanyakazi wanaozunguka na mtungi mgongoni wakiwamiminia watu vikombe.

Kabla hujabonyeza koki, soma maandishi. *Mubarrad* ni maji yaliyopozwa. *Ghayr mubarrad* ni yasiyopozwa. Mimi nawashauri wote wachukue yasiyopozwa, hasa wazee na watu wa kifua. Umetoka jasho, mwili una joto, na maji ya barafu utakunywa kikombe kimoja meno yakufe ganzi. Yasiyopozwa utakunywa vitatu, vinne, hadi ushibe. Na kushiba ndiko tunakokutafuta hapa. Angalia vikombe pia: visafi vimepangwa upande mmoja wa dumu, vilivyotumika hurudishwa upande wa pili. Ukiwa na haraka ni rahisi kuchukua cha upande usio wake, kwa hiyo tazama wengine wanachukulia wapi.

Sasa kaa kando, mbali na njia ya watu. Elekea kibla. Shika kikombe kwa mkono wa kulia, sema Bismillahi, na omba haja yako. Kunywa kwa pumzi tatu, ukikitoa kikombe mdomoni kila unapopumua, usipumulie ndani yake. Ukimaliza sema Alhamdulillahi. Jaza tena. Hivi ndivyo Ibn Abbas alivyomfundisha mtu aliyemjia akasema ametoka kunywa Zamzam: akamuuliza kama ameinywa inavyostahiki, kisha akamweleza adabu hizi na kumtaka anywe mpaka mbavu zijae. Mapokezi hayo yamo kwa Ibn Majah, pamoja na kauli kwamba wanafiki hawashibi Zamzam.

Watu hugombana kuhusu kusimama na kukaa. Ibn Abbas amesimulia kwamba alimpa Mtume (s.a.w.) Zamzam akanywa hali amesimama, na hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Zipo pia hadithi za kukataza kunywa kwa kusimama kwa jumla. Wanazuoni wamezikusanya kwa kusema kukaa ni bora na kusimama kunaruhusiwa. Basi ukipata pa kukaa, kaa. Kukiwa na msongamano, simama, na usimkaripie mwenzako aliyefanya kinyume chako.

Ladha yake inaweza kukushangaza. Si maji matamu ya mvua. Yana uzito mdomoni na chumvichumvi kidogo, kwa sababu yana madini mengi kuliko maji tuliyozoea. Mtu wa mwambao aliyekulia maji ya kisima ataizoea mara moja. Aliyezoea maji ya chupa hukunja uso kwenye kikombe cha kwanza. Aendelee.

Abu Dharr (r.a.) alipokuja Makka kumtafuta Mtume, kabla hajasilimu, alikaa siku thelathini, usiku na mchana, hana chakula ila Zamzam. Alisema alinenepa mpaka mikunjo ya tumbo lake ikajikunja, wala hakuhisi udhaifu wa njaa. Mtume (s.a.w.) akamwambia: "Hayo ni maji yenye baraka, ni chakula chenye kushibisha." Imo kwa Muslim. Ukilala njaa kidogo kwa sababu foleni ya chakula ilikuwa ndefu, kumbuka hadithi hii na urudi kwenye koki.

Usitawadhe kwenye madumu ya kunywea, na usimwage maji sakafuni ukijipaka usoni na kichwani. Kutawadha kwa Zamzam kumeruhusiwa kisheria, lakini marumaru ile ikilowa huteleza vibaya sana, na anayeanguka mara nyingi ni bibi wa miaka sabini aliyekuja nyuma yako. Ukitaka kujipaka, chota kidogo kiganjani, pembeni. Kustanji, yaani kujisafisha baada ya haja, kwa Zamzam acha kabisa. Wanazuoni wetu wa Kishafi hawakulipenda jambo hilo, na heshima yenyewe inatosha kukuzuia.

Akina mama walio katika hedhi husikitika wakidhani wamenyimwa. Hamjanyimwa. Kinachosubiri tohara ni tawafu. Zamzam haina sharti la tohara. Chupa na madumu hupelekwa pia kwenye makazi ya mahujaji. Mwambie mwenzako akuletee chupa kutoka msikitini, kaa chumbani, elekea kibla, omba. Hata Madina utaikuta: magari ya matangi huisafirisha kutoka Makka hadi Msikiti wa Mtume, na madumu yake yamepangwa humo kama yalivyopangwa Makka.

Na aliyeletewa nyumbani kikombe kimoja hana adabu nyingine ya kujifunza. Ni zilezile: kibla, Bismillahi, dua, pumzi tatu.

Hatua ya 4: Mgonjwa anywe kwa yakini na kwa akili

Katika baadhi ya mapokezi ya hadithi ya Abu Dharr kuna nyongeza kwamba Zamzam ni "ponyo la ugonjwa." Ibn al-Qayyim ameeleza kwamba aliugua akiwa Makka, hana tabibu wala dawa, akawa anachukua funda la Zamzam, analisomea Al-Fatiha mara kadhaa, kisha analinywa, na akapona. Mimi naliamini hilo, na ninalisema mbele ya mtu yeyote.

Lakini tazama maneno yake: hakuwa na tabibu wala dawa. Wewe unazo. Mwenye kisukari asiache sindano yake kwa kuwa ameletewa Zamzam, wala mwenye presha asiache kidonge. Anywe vyote viwili. Mwenye maradhi ya figo aliyepimiwa kiasi cha maji kwa siku ahesabu Zamzam ndani ya kiasi hicho. Kikombe kidogo cha kahawa chenye dua kinamtosha, wala baraka haipimwi kwa lita. Kichanga ambaye hajafika miezi sita ananyonya maziwa ya mama tu. Mama yake anywe, na kheri itamfikia mtoto kwa njia yake.

Hatua ya 5: Kubeba

Kubeba Zamzam kuna asili. Tirmidhi amepokea kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa akiibeba, na akaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiibeba. Kwa hiyo usione haya kwa dumu lako.

Usijaze madumu kwenye koki za msikitini. Walinzi huwazuia wanaofanya hivyo, na kweli unawanyima wanaotaka kunywa. Chupa ndogo ya mkononi haina neno. Maji ya safari yana mahali pake: tangu mwaka 2010 kuna kiwanda cha Mradi wa Mfalme Abdullah, eneo la Kudai, kilomita chache kusini ya msikiti. Maji husukumwa kwa bomba kutoka kisimani hadi huko, huchujwa, hupitishwa kwenye mwanga wa kuua vijidudu, ndipo hufungwa kwenye madumu. Utakachokibeba ni dumu la lita tano, limefungwa kiwandani na kuwekwa ndani ya boksi lake, ambalo huuzwa uwanja wa ndege wa Jeddah kwa riyali chache tu. Makundi mengine ya hija hulipanga hilo mapema. Muulize kiongozi wa msafara wenu kabla hujanunua la pili.

Uwanja wa ndege ndipo watu hulia. Usifiche Zamzam ndani ya sanduku la nguo. Mwaka 2022 mamlaka ya anga ya Saudi Arabia ilikataza kuweka vimiminika hivyo ndani ya mizigo inayokwenda chini ya ndege, na sanduku linaweza kufunguliwa na chupa zikabaki Jeddah. Boksi la kiwandani ndilo linalopokewa, na kwa kawaida ni moja kwa kila abiria. Shirika moja hulipokea bure juu ya uzito wako, jingine hulihesabu ndani ya kilo zako, na taratibu hubadilika kila msimu. Piga simu kwa shirika lako kabla ya kuondoka nyumbani, na ukibadilisha ndege njiani, Addis Ababa, Doha au Dubai, uliza kama boksi limeandikiwa hadi mwisho wa safari. Andika jina lako na mji wako ubavuni mwa boksi kwa kalamu ya wino mzito. Mabokesi yote yanafanana, na kwenye mkanda wa mizigo Dar es Salaam yatapita mia kabla ya lako.

Usinunue chupa zisizo na lebo barabarani, hata Makka kwenyewe. Na ukiwa nyumbani, jihadhari zaidi: Saudi Arabia hairuhusu Zamzam kusafirishwa nje kwa biashara. Duka linalouza katoni kwa katoni, mwaka mzima, linapaswa kukufanya ujiulize moyoni maji yale yametoka wapi. Mwaka 2011 BBC ilifanya uchunguzi Uingereza na kukuta chupa zinazouzwa madukani kwa jina la Zamzam zina sumu ya aseniki kupita kiwango kinachoruhusiwa. Wasaudi walisisitiza kwamba maji ya kisima chenyewe ni salama. Anayejaza maji ya bomba kwenye chupa na kuyaita Zamzam anamwibia mgonjwa tumaini lake. Zamzam ya kuaminika ni ile iliyoletwa na mtu unayemjua, aliyekwenda mwenyewe.

Hatua ya 6: Kuhifadhi nyumbani

Dumu likiwa bado limefungwa, liweke mahali penye kivuli, pakavu, mbali na mafuta ya taa, sabuni za unga na dawa za mbu. Plastiki hupitisha harufu. Jua likilipiga dumu jeupe kwa wiki kadhaa, usishangae ukiona ukijani.

Likishafunguliwa, usichovye kikombe ndani. Mimina. Kama familia ni ndogo, mimina lita tano zote siku moja kwenye chupa za kioo ulizoziosha kwa maji ya moto na kuzikausha vizuri, uzifunge, uziweke kwenye friji, ufungue moja moja. Maji hayana kosa. Kinachoyaharibu ni mkono na chombo.

Wengine hulifunga dumu kabatini miaka na miaka, wakilisubiri siku ya mauti. Wapo pia wanaolowesha sanda kwa Zamzam huko Makka na kurudi nayo. Wanazuoni wamelizungumza jambo la sanda kwa kutofautiana, na hakuna hadithi sahihi iliyotuagiza. Simhukumu mama aliyefanya hivyo kwa mapenzi. Ila ninaona maji yaliyotokea kwa ajili ya mtoto mwenye kiu yanampendeza zaidi aliye hai, kabla roho haijafika kooni.

Hatua ya 7: Kugawa

Siku ya pili ya kurudi, wageni wataanza kuingia kumzuru haji. Lita tano ukizimimina kwenye bilauri zitaisha kabla ya Alasiri. Tumia vikombe vya kahawa. Kikombe kile kidogo cha mwambao hubeba mililita sitini au sabini, kwa hiyo dumu moja linakupa watu sabini hivi. Weka sahani ya tende pembeni, tende moja kwa kikombe kimoja, na mwambie mgeni kwa sauti: "Nuia haja yako kwanza." Wengi hawajui. Utawaona wananyamaza kidogo kabla ya kunywa, na hapo ndipo zawadi yako inapokuwa zawadi.

Kuna wanaochanganya Zamzam na maji ya kawaida ili yafike kwa wengi. Ukifanya hivyo, sema. "Hii nimeichanganya" ni maneno mawili tu, na yanamlinda anayekunywa pamoja na wewe unayemimina. Kwangu mimi, funda moja safi ni bora kuliko bilauri iliyochanganywa.

Anza na wagonjwa wasioweza kuja. Tenga chupa moja kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi, kwa sababu ukisubiri yabaki, hayatabaki. Wapelekee kitandani. Halafu mzee aliyeuza ng'ombe wake ili ahiji akazidiwa na bei. Halafu waliokulipia sehemu ya nauli. Jirani asiye Mwislamu akija kukupa pole ya safari naye mpe. Hakuna katazo, na kiu haina dini. Chupa nyingine iweke kwa ajili ya kufuturu Ramadhani, ukijua tarehe utakayoifungua, isije ikawa ya kabatini.

Nawe uliyeletewa, usiseme "Nitakunywa baadaye nikitulia." Kaa, elekea kibla, omba, unywe sasa.